Waya wa Kuongeza kwenye Pikipiki: Joto na Msuguano

[Muziki wa kipindi unaingia, sekunde 10, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Leo kipindi ni cha watu wa bodaboda, lakini wewe abiria usizime redio. Usiku unapopanda pikipiki umempakata mtoto mwenye homa, mnaenda hospitali, chini ya kiti chako au pembeni yake kuna betri, na mbele ya dereva kuna tangi la petroli. Kati ya hivyo viwili mara nyingi unapita waya ambao kiwanda hakikuuweka.

Tunajua unatoka wapi. Dereva anataka kuchaji simu, kwa sababu bila simu wateja hawampati. Anataka taa za LED, kwa sababu kuvuka laga usiku na taa moja dhaifu ni hatari. Wengine wanaongeza spika za muziki, na honi ambayo mtaa mzima unaisikia. Hatumkatazi mtu. Tunaongea kuhusu huo waya unapopita, na umevalishwa nini.

Kabla ya kwenda kwa fundi, angalia kwanza nyaya zilizotoka na pikipiki kiwandani. Zimekusanywa pamoja ndani ya mfuko wa plastiki laini au mpira. Zimefungwa kwenye fremu kila baada ya nafasi fulani. Panapopita kwenye tundu la chuma pamewekwa mpira. Penye usukani zimeachwa zilegee kidogo. Hakuna waya uliokaribia ekzosi. Sasa angalia waya wa chaja yako. Mara nyingi umetoka kwenye betri, ukakatiza popote palipokuwa karibu, ukazungushiwa selotepu nyeusi, basi.

[Mlio wa pikipiki, sekunde 3]

Waya huo una maadui wawili. Wa kwanza ni joto. Bomba la ekzosi likiwa karibu na injini hupita nyuzi 200 kwa urahisi. Plastiki ya waya wa kawaida wa umeme wa nyumba imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 hivi. Ikipita hapo inalainika, inavimba, na baadaye inakauka na kupasuka kama ngozi ya kisigino wakati wa kiangazi. Na hapa kwetu pikipiki ikisimama juani mchana, chuma chake kinakuwa cha moto hata kabla hujaiwasha. Selotepu nayo haisaidii: gundi yake inayeyuka, inateleza, na baada ya wiki mbili utaikuta imejikunja pembeni huku waya uko wazi.

Adui wa pili ni msuguano, na huyu ndiye mbaya zaidi kwa sababu haonekani. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hiyo ni mara 50 kila sekunde. Mtetemo huo unaenda kwenye fremu, na waya unaogusa fremu unasuguliwa hapo siku nzima. Halafu ongeza vumbi letu. Mchanga ukiingia kati ya waya na chuma unafanya kazi ya msasa. Plastiki inaliwa kidogo kidogo mpaka shaba inatokea.

Shaba hiyo ikigusa fremu, shida inaanza. Fremu imeunganishwa na upande hasi wa betri. Kwa hiyo umeme unaacha kupita kwenye chaja, unapita njia ya mkato moja kwa moja. Betri ndogo ya volti 12 inaweza kusukuma makumi ya ampia kwa mara moja. Waya mwembamba unakuwa mwekundu kama mkaa. Kama uko karibu na kabureta inayovuja au koki ya petroli, ni moto.

Sasa, njia. Pikipiki nyingi tulizo nazo hapa zina ekzosi upande wa kulia, kwa hiyo waya upite kushoto. Mwambie fundi ainue tangi, waya ufuate kifungu cha nyaya za kiwanda kando ya fremu. Usiwekwe mahali ambapo tangi linakaa juu ya chuma, maana utabanwa. Usikaribie silinda na yale mapezi yake ya kupooza. Acha nafasi ya kiganja kizima kati ya waya na kitu chochote kinachochemsha tone la maji. Kama hakuna nafasi hiyo, tafuta njia nyingine hata kama waya utakuwa mrefu zaidi. Kuna madereva wanaobana waya kwa sababu ya nusu mita. Nusu mita ya waya ni pesa kidogo sana ukilinganisha na pikipiki ambayo bado unailipia.

Sehemu inayoharibika zaidi ni shingo ya usukani. Pale waya unakunjwa kila ukigeuka, na ukiwa umevutwa utakatika ndani huku nje unaonekana mzima. Achia kipande kilegee. Kisha washa injini, usukani ugeuzwe kushoto mpaka mwisho, halafu kulia mpaka mwisho. Sikiliza. Kama mlio wa injini unapanda wakati unageuza, kuna kitu kinavuta kebo ya mafuta. Usiondoke hapo. Fungua, panga upya.

Kinga ya kuvalisha si lazima itoke Nairobi. Mpira wa kupitisha petroli unafaa. Bomba laini la plastiki lililopasuliwa kwa urefu linafaa. Tyubu kuukuu ya baiskeli, ukiikata vipande na kuzungushia kwa kukaza, inazuia msuguano vizuri sana, nami naona ni bora kuliko selotepu peke yake. Lakini tusikilizane vizuri: tyubu inazuia kusuguliwa, haizuii ekzosi. Ikigusa ekzosi itaungua yenyewe. Dhidi ya joto, dawa ni umbali.

Fungia kwa vibano vya plastiki, kila baada ya shubiri moja, visikazwe mpaka vikate waya. Kamwe usifungie kwa waya wa chuma wa kujengea. Huo ni kisu.

Na waya wenyewe uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, ule unaopinda kwa urahisi. Waya wa nyumba wenye shaba moja nene unavunjika kwa mtetemo, tena unavunjikia ndani.

[Muziki mfupi]

Wengine mtasema, mimi nina fyuzi. Iko wapi? Fyuzi iliyo karibu na chaja inaulinda ule mwisho tu. Waya wote kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Iwekwe upande wa chanya, karibu kabisa na betri, isizidi shubiri moja.

Ukubwa wake unapigiwa hesabu. Gawanya wati kwa volti. Chaja ya wati 12 kwenye betri ya volti 12 inakula ampia 1. Taa mbili za wati 18 kila moja ni wati 36, yaani ampia 3. Jumla ni 4, kwa hiyo fyuzi ya ampia 5 inatosha, na waya wa milimita mraba 1 unabeba mzigo huo bila taabu. (Wati zinazoandikwa kwenye boksi za taa mara nyingi ni za kujisifu, lakini piga hesabu kwa hizo hizo.) Fyuzi ikikatika, usiweke karatasi ya sigara wala kipande cha waya. Imekatika kwa sababu kuna mahali waya umeumia. Patafute.

Kama pikipiki si yako na unapeleka hesabu kila siku, mwambie mwenyewe kabla ya kuongeza chochote. Ikiungua, swali la kwanza litakuwa nani aliweka waya huo.

Baada ya safari ndefu, zima injini na ushike waya ule kwa vidole. Ukishindwa kuushika kwa sekunde tano, uko karibu mno na joto. Fanya hivyo wiki ya kwanza, kisha kila ukimwaga oili. Ukisikia harufu ya plastiki njiani, usisubiri ufike.

Na ukiona moshi: zima swichi, simama, abiria ashuke na asogee mbali. Funga koki ya petroli. Kama hakuna moto, chomoa waya hasi wa betri. Kama kuna moto wa petroli, usimwage maji, kwani petroli inaelea na moto unasambaa. Tupa mchanga mkavu, tena mwingi. Huo hatujawahi kuukosa Kakuma. Kama moto umefika kwenye tangi, iache pikipiki, ondokeni.

Kipindi kijacho tutazungumza kuhusu betri inayokufa usiku wakati taa zimezimwa. Maswali yenu leteni studio kama kawaida.

[Muziki wa kipindi unapanda]