Dakika Tatu za Salum, Pande Mbili za Mbaraka

Wimbo unakatika. Hadithi imeshasimuliwa, magitaa yameanza kuchangamka, mara sauti inafifia na sindano inaanza kukwaruza katikati ya santuri. Mwenye gramafoni anainuka, anaigeuza, anaiweka sindano upya, na muziki unaendelea pale ulipoachiwa, au karibu na hapo. Santuri nyingi za dansi zilizotolewa Nairobi miaka ya 1970, zikiwemo za Mbaraka Mwinshehe Mwaruka wa Morogoro, zilikuwa hivyo: wimbo mmoja, pande mbili.

Wasikilizaji wa wakati ule waliuzoea mkato huo, na siku hizi hausikiki tena kwa sababu waliozihamisha nyimbo kwenye CD na simu wameziunganisha. Hata hivyo, anayetaka kujua nyimbo hizo zilitungwa vipi hana budi kuurudia, kwa kuwa mtunzi mwenyewe aliujua. Alipokaa na gitaa lake Morogoro, mashine ya Nairobi ilikuwa tayari imeshaweka mkono kwenye kazi yake.

Mji huu chini ya milima ya Uluguru ulikuwa na kila kinachohitajika ili bendi iishi. Reli kutoka Dar es Salaam iliufikia mwaka 1907. Mashamba ya mkonge yalileta vibarua kutoka pande zote za nchi, watu wenye mshahara mwisho wa mwezi na hamu ya kucheza. Barabara za kwenda Iringa na Dodoma zinaachana hapa, kwa hiyo habari, mitindo na santuri mpya hazikuchelewa kufika. Bendi mbili ziligawana mashabiki wa mji: Morogoro Jazz, iliyoanzishwa 1944, na ile iliyoanza kwa jina la La Paloma mwaka 1948, kisha ikajulikana kote kama Cuban Marimba.

Mwanzilishi wa hiyo ya pili ni Salum Abdallah Yazidu, aliyezaliwa 1928, ambaye mashabiki walimwita SAY kwa herufi za majina yake. Muziki wa Kuba ulimfikia kupitia santuri za GV, mfululizo ambao kampuni ya HMV ilianza kuutoa mwaka 1933 na ambao ulienea Afrika nzima, kuanzia Accra na Leopoldville mpaka miji ya pwani yetu. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana alitoroka nyumbani aende Kuba kwenyewe, safari ikaishia Mombasa. Iwe kweli au imetiwa chumvi, simulizi hiyo inamfaa. Kuba yake ilikuwa ya masikioni, na aliijenga upya Morogoro kwa Kiswahili.

Rekodi za Salum zinazojulikana zaidi leo zimo kwenye CD iitwayo Ngoma Iko Huku, iliyotolewa na kampuni ya Dizim ya Ujerumani, yenye nyimbo za kati ya 1955 na 1965. Nyingi zilitoka kwanza kwa nembo ya Mzuri, ya wenye duka la muziki la Assanand la Mombasa. Cha kwanza kinachoshangaza kwa msikilizaji wa leo ni ufupi wake. Karibu zote zinazunguka dakika tatu, na ufupi huo una sababu yake.

Santuri ya zamani ya inchi kumi ilizunguka mara 78 kwa dakika, na kwa kasi hiyo upande mmoja ulijaa baada ya dakika tatu na kitu. Ndani ya muda huo Salum alitakiwa kuingia, kutaja jambo lake, kuitikiwa na wenzake, kuwapa wapigaji nafasi na kufunga. Ndiyo maana kwake hakuna utangulizi mrefu. Gitaa linatoa vipande vichache tu, na mwimbaji ameshafika kwenye habari. Kibwagizo kinarudi haraka na maneno ni machache, kila mshororo ukijitegemea kiasi kwamba msikilizaji anaushika mara ya kwanza. Wengine huuita ufupi huu umaskini wa vifaa. Ni afadhali uitwe ushairi wa kubana, kwa sababu Salum alikuwa na uwezo wa kuweka mapenzi, siasa na utani ndani ya nafasi ileile. Wanawake Tanzania, wimbo ambao jina lake pekee linaonyesha haukurekodiwa kabla ya 1964, una uzito wa hotuba ya jukwaani na bado unachezeka.

Jambo la pili ni namna sauti zilivyopangwa. Leo, bendi ikirekodi, kila chombo kinaweza kuingizwa peke yake: ngoma Jumatatu, besi Jumanne, mwimbaji mwisho wa wiki. Studio za Afrika Mashariki za miaka ya 1950 na 1960 hazikuwa na nafasi hiyo. Bendi nzima ilikaa chumba kimoja na kupiga kwa pamoja, na kila kitu kiliingia kwenye utepe kwa mpigo mmoja. Asiyetosheka na sauti ya tarumbeta hakuwa na kitufe cha kuipunguza baadaye. Aliyekosea mstari wa mwisho aliwarudisha wote mwanzo.

Kwa hiyo kuchanganya sauti kulifanywa kwa miguu. Umbali kutoka kwenye maikrofoni ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hubaki karibu robo, iwapo chumba hakina mwangwi mwingi. Fundi mitambo mzuri alilijua hilo hata kama hakulisoma darasani: mwimbaji karibu, waitikiaji nyuma yake kidogo, saksafoni mbali zaidi, tumba kwenye kona. Anayesikiliza kwa makini rekodi za zamani husikia chumba chenyewe. Sauti ya Salum iko mbele kabisa, kavu, kama anayezungumza na mtu mmoja. Wanaoitikia wana hewa kidogo kati yao na msikilizaji. Ule mgawanyo wa kiongozi na kundi, ambao kila mtu aliyekulia kwenye ngoma za Uluguru anaujua, studio iliuchora kwa umbali.

Salum alifariki kwa ajali ya gari mjini Morogoro Novemba 1965, akiwa na miaka 37. Cuban Marimba iliendelea chini ya Juma Kilaza, lakini macho ya mji yakawa yanahamia upande wa pili, kwa kijana mpiga gitaa wa Morogoro Jazz.

Mbaraka Mwinshehe alizaliwa Juni 1944 Mzenga, Kisarawe, akakulia Morogoro, na katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na bendi hiyo iliyokuwa na umri sawa na wake. Alikusanya kazi tatu ambazo kwa kawaida bendi huwagawia watu watatu: kutunga, kuimba na kupiga gitaa la solo. Hilo lina matokeo yanayosikika. Mpiga solo anayeimba hawezi kuhangaika na nyuzi wakati maneno mazito yanatoka mdomoni, hivyo katika nyimbo zake gitaa mara nyingi linanyamaza au linapunguza mwendo mshororo unapopita, halafu linajibu pale pumzi inapoishia. Nyuma yake ridhimu na besi hazikatiki. Ukisikiliza jibu hilo peke yake, bila kufuata maneno, utaona linaendana na kiimbo cha Kiswahili kilichosemwa: linapanda pale sauti ilipopanda na kutua pale ilipotua. Gitaa linamalizia sentensi.

Wakati huo mwenye mashine kubwa nchini alikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, jina lililoanza Julai 1965 shirika la utangazaji lilipochukuliwa na serikali. Bendi kutoka mikoani zilisafiri mpaka studio za Barabara ya Pugu kurekodi nyimbo kwa ajili ya kutangazwa. Mashairi yalipitiwa kabla ya kurekodiwa. Malipo yalikuwa madogo na ya mara moja, na wimbo ukishaingia kwenye maktaba ya redio ulipigwa mara ngapi, hiyo haikuwa tena habari ya mtunzi. Utepe ule haukugeuzwa santuri dukani. Ukitaka kuusikia, ulisubiri kipindi.

Lakini redio ilimpa mtunzi kitu ambacho duka la santuri lilimnyima, yaani muda na haraka. Utepe hauishi kwa dakika tatu, na wimbo uliorekodiwa ulisikika nchi nzima bila kungoja kiwanda. Ndiyo maana watunzi wa wakati huo waliweza kufanya kazi ya mwandishi wa habari. Dkt. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alipouawa Ismani siku ya Krismasi mwaka 1971, Mbaraka na Morogoro Jazz walimtungia wimbo wa maombolezo. Walipokwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970, walirudi na wimbo wa Expo 70. Nyimbo za aina hii zilitungwa zisikike zikiwa bado za moto.

Nairobi ilikuwa habari nyingine. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, na cha karibu kilikuwa Kenya. Bendi iliyotaka wimbo wake ununuliwe, upigwe kwenye baa za Kisumu na Mombasa, na ulete chochote cha mauzo, ilipanda basi kwenda huko. Mbaraka alirekodi huko nyimbo nyingi zilizotoka kwa nembo ya Polydor, kwanza akiwa na Morogoro Jazz, kisha na Super Volcano, bendi aliyoiunda baada ya kuondoka mwaka 1973. Shida, wimbo wake uliovuma kuliko yote, ni zao la safari hizo.

Hapa ndipo ule mkato unapoingia. Santuri ndogo ya inchi saba huzunguka mara 45 kwa dakika, na mfereji wake unabana kadiri wimbo unavyorefuka. Noti za besi hutaka mfereji mpana, kwa sababu sindano inayumba zaidi. Ukilazimisha dakika sita au saba upande mmoja, itabidi upunguze besi na kiwango cha sauti yote, na santuri yako itasikika dhaifu ikipigwa baa baada ya ya mwenzako. Wenye kampuni walichagua kugawa. Bendi za Kongo zilishawazoesha wanunuzi mtindo huo, na dansi ya Tanzania ikaingia humo bila taabu, kwa sababu wimbo wake tayari ulikuwa na vyumba viwili: mwanzo wa taratibu ambamo habari inasimuliwa, na chemko, ambamo maneno yanapungua, magitaa na saksafoni yanashika usukani, na wachezaji wanaacha kusikiliza kwa masikio peke yake.

Fundi mwenye busara alikata hapo hapo kwenye mlango. Asiye na busara alikata popote muda ulipoishia, na zipo santuri ambazo mwimbaji ameachwa katikati ya neno. Mbaraka anaonekana alijihami. Katika nyimbo zake nyingi ndefu kuna kipande cha gitaa kinachofunga masimulizi waziwazi kabla chemko halijaanza, na mkasi ukipita hapo hakuna kinachoumia. Hakuna ushahidi wa maandishi kwamba alikusudia. Masikio ndiyo yanayoshuku.

Kutokana na njia hizi mbili, redio na santuri, walitokea akina Mbaraka wawili. Mkenya wa makamo anamjua yule wa Polydor, na baada ya mtunzi kufariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, akiwa na miaka 34, kampuni iliendelea kumtoa kwenye mfululizo wa albamu ulioitwa Ukumbusho. Mtanzania aliyekua na redio ya mbao sebuleni anawajua wote wawili, lakini anayempenda zaidi pengine ni yule wa Barabara ya Pugu, ambaye dukani hakupatikana. Wakikutana, wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu wimbo mmoja, kila mmoja akiwa na toleo lake kichwani, lenye mwendo na urefu tofauti, na wote wakawa sahihi.

Kati ya matoleo hayo kuna la tatu, ambalo halikutoka studio yoyote. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, na santuri zikawa adimu upande wa huku. Kanda za kaseti zikajaza pengo. Watu walirekodi kutoka redioni, wakanakili kwa marafiki, na vibanda vya kunakili vikafanya biashara. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuja kutungwa 1999, wakati nakala za nakala zilikuwa zimeshasambaa kwa miongo miwili. Sehemu kubwa ya Mbaraka na Salum wanaosikika leo mitandaoni ilipitia njia hiyo, na tatizo lake kubwa si mikwaruzo. Ni kasi.

Mota ya kinasa sauti cha bei rahisi haizunguki kwa uaminifu. Kanda iliyonakiliwa kwenye mashine ya polepole, ikipigwa kwenye mashine ya kawaida, hutoa Mbaraka mwenye sauti nyembamba na haraka asiyokuwa nayo. Kurekebisha kwa kufuata gitaa hakusaidii sana, kwa kuwa bendi zilikaza nyuzi kwa kusikilizana zenyewe kwa zenyewe, bila kufuata kipimo cha kimataifa. Mafundi wa kumbukumbu za sauti wana njia nyingine. Rekodi nyingi za zamani zina mngurumo hafifu wa umeme wa jengo ulioingia siku ya kurekodi, na umeme wa Afrika Mashariki hutetema mara 50 kwa sekunde. Programu ya kompyuta ikiuonyesha mngurumo ule kwenye 52, basi nakala inakimbia kwa asilimia nne, zaidi kidogo ya nusu ya hatua moja ya kibodi ya piano. Gridi ya miaka hiyo nayo iliyumba, kwa hiyo kipimo hiki huhitaji kulinganishwa na nyimbo nyingine za kikao hichohicho cha studio. Fundi akishairudisha kasi mahali pake, sauti ya Mbaraka inashuka na kunenepa, besi inapata mwili, na chemko, kwa mshangao wa waliozoea kaseti, linakuwa la taratibu kuliko walivyolikumbuka.