Bando Limekata, Mashine Pepe Imegoma: Mwongozo Unao Tayari

Mashine pepe ni kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Laptopu yako ni mwenyeji. Mfumo unaouendesha ndani yake ni mgeni. Diski nzima ya mgeni, pamoja na data za tasnifu yako ulizozihifadhi humo, mara nyingi ni faili moja tu kwenye diski ya mwenyeji. Faili hiyo ikiharibika, kazi ya miezi imekwenda na maji.

Sasa mgeni amegoma, usiku, na bando limekata. Ufanyeje?

Habari njema ni kwamba programu nyingi za mashine pepe huja na mwongozo wake. Tuchukue QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003. Kwenye Ubuntu au Debian, ukishasakinisha pakiti ya qemu-utils, fungua terminali uandike:

man qemu-img

Mwongozo wote unafunguka bila hata kilobaiti moja ya intaneti. Kutafuta neno, andika mkwaju na neno lenyewe, mfano /resize, kisha Enter. Herufi n inakupeleka neno linapotokea tena, q inakutoa. Hujui jina la amri? Jaribu man -k qemu upate orodha.

Wa VirtualBox nao wana njia yao: andika VBoxManage snapshot bila kuongeza kitu, itakuonyesha namna amri hiyo inavyotakiwa kuandikwa.

Kwa nini usome huo, usinakili tu amri ya mtu?

Kwanza, mwongozo uliokuja na programu ni wa toleo ulilonalo wewe. Amri uliyotumiwa na rafiki huenda ni ya toleo la miaka kumi iliyopita.

Pili, na hili ndilo kubwa, amri inayosambazwa huwa fupi, na kinachokatwa kwanza ni onyo. Mwongozo wa qemu-img unaonya waziwazi: usibadilishe faili ya diski wakati mashine pepe inaitumia. Sababu inaeleweka. Faili ya aina ya qcow2 ina majedwali yanayosema kila kipande cha data kiko wapi, na mashine inayoendeshwa huweka sehemu ya majedwali hayo kwenye kumbukumbu. Ukiingia kwa mlango wa nyuma ukayabadilisha, ni sawa na makarani wawili kuandika daftari moja la duka bila kuonana: hesabu lazima zivurugike. Tangu toleo la 2.10, la mwaka 2017, QEMU hujaribu kuifunga faili ili hilo lisitokee, lakini kufuli si ruhusa ya kujaribu bahati.

Mfano mwingine ni kupunguza diski, tuseme kutoka 40G hadi 20G:

qemu-img resize --shrink diski.qcow2 20G

Inaonekana rahisi, eti? Mwongozo unasema kabla ya hapo lazima uingie ndani ya mgeni, upunguze kwanza mfumo wa mafaili na kizigeu chake. Amri hii haijui mafaili yako yako wapi. Inakata mkia wa diski tu, na kilichokuwa mkiani kinapotea. Kuongeza ukubwa hakuna hatari hiyo, ila baada ya kuongeza unapaswa kupanua kizigeu ukiwa ndani ya mgeni. La sivyo nafasi mpya itakaa bure.

Basi fanya haya leo, intaneti ikiwapo. Hakikisha man qemu-img inafunguka kweli. Ukipenda kusoma kwenye simu, igeuze iwe maandishi ya kawaida:

man qemu-img | col -b > qemu-img.txt

Faili hiyo iweke kwa mwenyeji au kwenye simu, usiiweke kwa mgeni pekee. Mgeni akikataa kuwaka, mwongozo ulio ndani yake umefungiwa naye.

Na kabla ya kugusa diski kwa amri yoyote, zima mashine, nakili faili kwenye diski ya nje, kisha soma aya nzima ya amri hiyo, onyo likiwemo. Ni dakika tano tu. Tasnifu ilikuchukua zaidi.