TAARIFA KWA WANANCHI: UPANDAJI WA TUNGULE NA KINGA YA MNYAUKO

Wananchi wa Unguja na Pemba, pamoja na watumishi wa Serikali wenye bustani majumbani mwao, wanaarifiwa kwamba kipupwe, kinachofuatia mvua za masika, ndio wakati mwema wa kupanda tungule. Katika masika majani hukaa na maji muda mrefu, na maradhi ya ukungu huenea kwa wepesi.

Miche ihamishwe kutoka kitaluni baada ya wiki 4 hadi 5. Ipandwe wakati wa jioni, kwa nafasi ya sentimita 60, juu ya tuta lililochanganywa samadi iliyooza. Kila mche ufungwe kwenye kijiti imara ili matunda yasiguse ardhi. Maji yatiwe asubuhi, chini ya shina na si juu ya majani, kwa kipimo kisichobadilika. Mche unaoachwa ukakauka kisha ukafurikishwa huzaa tungule zenye kitako cheusi. Hiyo ni kasoro ya lishe ya tunda, wala si maradhi ya kuambukiza.

Jambo linalotaka hadhari kubwa ni mnyauko wa bakteria. Mche hunyauka ghafla ilhali majani yangali ya kijani. Ili kupata hakika, shina likatwe karibu na ardhi na kipande chake kitumbukizwe katika gilasi ya maji safi. Zikiteremka nyuzi nyeupe mithili ya maziwa baada ya dakika chache, basi ndio maradhi hayo.

Mche uliokwisha kuambukizwa hauna dawa. Ung'olewe pamoja na mizizi yake na uchomwe moto. Usitupwe jaani wala mtaroni, kwani vijidudu vyake huhamia kwa jirani kwa njia ya maji na udongo ulioganda kwenye majembe na viatu. Zana zioshwe kabla ya kuazimwa. Mahali hapo pasipandwe tungule, bilingani, pilipili wala mbatata kwa miaka isiyopungua 3. Badala yake yapandwe mahindi.

Yeyote atakayeona dalili hizo anaombwa amwarifu Bwana Shamba au Bibi Shamba wa eneo lake bila ya kuchelewa, na asimgawie mtu miche kutoka kitalu hicho. Uzembe katika bustani moja waweza kuwakosesha kitoweo na kipato wakulima wa shehia nzima.