Penzi Bila Majirani Halina Mzuka

Wanangu wa Musoma, ukikamatwa unasoma riwaya ya mapenzi ya jinsia moja hapa kitaa, swali la kwanza halihusu stori, linakuhusu wewe. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa madai ya kukiuka maadili, na ule mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, vituko tu vya dogo wa shule, ukabebwa humohumo. Basi wengi tunasoma kimyakimya kwenye simu. Mimi nachambua vitabu hivi, hasa vya fantasi, kama ninavyochambua muvi: kimebamba au kimezingua?

The House in the Cerulean Sea, cha T. J. Klune, 2020. Linus Baker ni kama afisa ustawi wa jamii, ila watoto anaowafuatilia wana uchawi. Mnoko wa mafaili kinoma. Anatumwa kisiwani kukagua kituo cha yatima chenye dogo wa miaka sita ambaye baba yake ni Ibilisi mwenyewe, halafu anamzimikia msimamizi, Arthur. Nilicheka hadi maza akagonga mlango. Shida ni kwamba chuki ya wanakijiji inatulia mapema mno. Aliyekulia Nyasho, hapa Musoma, anajua umbea hauzimwi hivyo.

The Song of Achilles, cha Madeline Miller, 2011. Patroclus amedata kwa Achilles, staa wa vita vya Troy. Kinachonogesha ni mama mkwe: Thetis, mungu wa baharini, hataki hata kumwona Patroclus. Mama mkwe akiwa na bahari nzima nyuma yake, utamkimbilia nani? Hapa presha ipo, na penzi linapata uzito. Mwisho nauchuna, nisiwaharibie.

Black Leopard, Red Wolf, 2019, cha Mjamaika Marlon James, aliyebeba tuzo ya Booker 2015. Tracker ana pua inayonusa mtu aliyeko mbali kabisa, na mshikaji wake anageuka chui. Sisi Serengeti iko mlangoni, mtu-chui hatushtui. Ila damu imezidi, na stori inakata kona hadi unapotea. Penzi lenyewe linachelewa kuja. Likifika, ni noma.

Bingwa wangu ni hadithi fupi tu, wala haina uchawi: Jambula Tree ya Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyoshinda Tuzo ya Caine 2007. Anyango na Sanyu ni mademu wawili wa mtaa mmoja Kampala, na jirani yao, Mama Atim, ana macho na mdomo. Penzi, aibu na mtaa mzima vimeingia kwenye kurasa chache, kwa namna ya barua. Mwongozaji Wanuri Kahiu aliitolea filamu ya Rafiki, 2018. Ikafika Cannes, ila Kenya wakaifungia.

Na msidhani hizi stori zinatoka mbali tu. Mzee wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alitafsiri tamthilia ya Kiingereza, akaiita Mabepari wa Venisi, ikatoka 1969. Isome tena. Antonio anaweka ratili ya nyama ya mwili wake rehani ili Bassanio apate hela ya kwenda kuposa. Posa inajibu, wengine wanaondoka wawiliwawili, Antonio anabaki soloo. Wapo wasomi wanaosema lile ni penzi. Mimi nasema kama si penzi, basi mkopo ule hauna maelezo.

Mara ina malighafi ya fantasi kibao. Kwa Wakurya kuna nyumba ntobhu: mama anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto wanaozaliwa wanahesabiwa wa nyumba yake. Hiyo ni habari ya ukoo na urithi, msije mkachanganya madesa. Lakini mwandishi anayejua kaya zilivyo na sura nyingi hapa hatahangaika kutunga ufalme wa mbali.

Ushauri wangu kwake: asiwakimbizie wapenzi wake kisiwani, maana hata Lukuba wote wanajuana. Awaweke Bunda, kwenye nyumba ya kupanga yenye choo kimoja na wapangaji sita. Tutawapenda wakiwa wamebanwa.