Mkanda wa Mpira Juu ya Benchi

Kijana akirudi nyumbani na kueleza kwamba juma lililopita alisukuma chuma cha kilo 80 akiwa amelala benchi, na leo amesukuma kilo 90, yafaa kwanza aulizwe: alikuwa amevaa nini?

Upo mkanda mpana wa mpira unaovaliwa mikononi, juu kidogo ya viwiko, ukapita mbele ya kifua. Mnyanyuaji anapoteremsha chuma, mkanda hutanuka. Chuma kigusapo kifua ndipo unapokuwa umevutika zaidi, nao humsaidia kukirudisha juu. Mikono ikikaribia kunyooka, msaada umekwisha. Kwa hiyo sehemu ya chini, iwashindayo wengi na kuwaumiza mabega, hupunguzwa na mpira. Ile ya juu hubaki kazi ya misuli ya nyuma ya mkono.

Mkanda huu ulienezwa na mnyanyuaji wa Marekani, Mark Bell, karibu na mwaka 2010. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mmarekani mwenzake John Inzer alikuwa amekwisha kubuni fulana ngumu ya kunyanyulia, ibanayo hata mtu huhitaji wenzake wa kumvisha. Tofauti yake si ndogo. Mwaka 2021 Julius Maddox alisukuma kilo 355 bila fulana hiyo, hali waliovaa wamepita kilo 500. Ndiyo maana mashindano makubwa huwatenga wenye fulana na wasio nayo. Mkanda wenyewe ni chombo cha mazoezi tu.

Je, haufai? Wafaa, kwa mahali pake. Askari wa Gitega asukumaye kilo 80 mara tano kwa nguvu zake, kwanza amalize kazi hiyo. Kisha avae mkanda, aongeze kiasi cha kumi kwa mia, yaani kilo 88, asukume mara tatu au nne, mara moja kwa juma. Mikono yake itazoea uzito ambao haijawahi kuushika. Katika daftari lake aandike hesabu mbili, ya mkanda na isiyo ya mkanda. Aonapo ya kwanza ikipanda na ya pili imesimama, ajue mpira ndio unaoendelea. Anayeanza mazoezi hauhitaji kabisa. Na bega liumalo bila mkanda, likatulia ukivaliwa, halijapona.

Shida huanza mkanda wa dukani usipopatikana. Huko Gitega, kama ilivyo Muyinga kwenye njia iendayo Kobero, vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli hufunga mizigo kila siku, na si ajabu kijana akadhani kwamba kifungacho mkungu wa ndizi kitafaa kifuani pake. Hapo twasema hapana. Mpira uliochakaa kwa jua na mafuta hupasuka bila kuonya, na ukikatika chuma kiko kifuani, uzito wote hurudi mara moja juu ya mikono isiyouweza. Vipande hivyo vitumike kwa mazoezi ya kuvuta, mtu akiwa amesimama.

Hata mwenye mkanda mzuri asilale chini ya chuma bila mwenzake kusimama kichwani, naye mwenzake awe macho, si mwenye kupiga soga. Kidole gumba kizunguke chuma. Alazimikaye kufanya peke yake nyumbani aache mkanda, apunguze uzito, wala asifunge vizuizi vya pembeni, ili akishindwa aweze kukiinamisha chuma na kumwaga mizigo upande mmoja.

Kwa mama wa nyumba: mkanda huu hufuliwa kwa maji baridi na kuanikwa kivulini. Kabla ya kuukunja, pitisha vidole kwenye mishono. Ule ulioanza kufumuka upelekwe kwenye baiskeli, ukafunge magunia.