Manowari za Marekani: taa za LED zapunguza mazutu, lakini si kila taa ya sokoni inakubaliwa

Tarehe 20 mwezi wa kwanza mwaka wa 2016, manowari za kikosi cha USS John C. Stennis ziliondoka San Diego, Marekani, chini ya jina la «Kikosi Kikubwa cha Kijani». Watu walizungumzia hasa mazutu yake, yaliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe. Lakini kati ya mbinu za kupunguza matumizi, mlikuwemo pia jambo dogo kwa macho: kuondoa neoni na kuweka taa za LED.

Mpango huo ulianza mwaka wa 2009. Ray Mabus, aliyekuwa kiongozi wa kiraia wa jeshi la majini, alitaka nusu ya nishati ya jeshi hilo isitokane na petroli ifikapo mwaka wa 2020.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Manowari ya aina ya Arleigh Burke hupata umeme kwa jenereta tatu zinazokula mafuta. Chini ya sitaha hakuna madirisha, kwa hiyo taa nyingi huwaka usiku na mchana. LED hula umeme kidogo na hutoa joto kidogo, hivyo hata mashine za kupoza hewa hupumzika.

Na si suala la pesa tu. Tarehe 12 mwezi wa kumi mwaka wa 2000, USS Cole ilisimama Aden, Yemen, kujaza mafuta. Mashua yenye mabomu iliisogelea na kulipuka, wanamaji 17 wakafariki. Meli inayotumia mafuta kidogo husimama mara chache kuyatafuta.

Hata hivyo, taa ya sokoni haiingii manowarini moja kwa moja. Inapaswa kuvumilia mshtuko wa mlipuko na mtikisiko wa injini, wala isivuruge redio na rada. Majaribio hayo huongeza bei.

USS John C. Stennis yenyewe inatumia nguvu za nyuklia, kwa hiyo LED haiipunguzii mazutu. Faida yake iko kwenye kazi: LED nzuri huhesabiwa kudumu saa 50 000, yaani zaidi ya miaka mitano bila kuzimwa. Wanamaji hawapandi ngazi kila mara kubadilisha neoni, wala kutunza zile zilizokufa, zenye zebaki ya sumu, hadi bandarini.