Plasta: kufunika si kuziba

Fundi alipofika kupiga plasta chumba cha uani, kitu cha kwanza alichoomba hakikuwa saruji. Aliomba maji. Akachukua kopo, akaanza kuumwagia ukuta wa matofali kutoka juu hadi chini, bila haraka, huku saidia fundi akinung'unika kwamba jua linapanda.

"Ukuta una kiu, mama," aliniambia. "Usipounywesha sasa utanyonya maji yote ya plasta, kisha utaniita nije nione nyufa."

Ndipo akachota mchanganyiko kwa mwiko, akautupa ukutani, pwaa! Ukanasa. Akatupa tena na tena, kisha akauburuza ubao mrefu ulionyooka hadi ukuta ukawa sawa.

Kabla ya adhuhuri mtoto wa jirani aliingia ameshika kidole kinachovuja damu. "Shangazi, mama kanituma plasta." Jioni nikaenda kumjulia hali mzee mmoja wa mtaani aliyevunjika mguu. Nilimkuta ameunyoosha juu ya mto, umefungwa plasta ngumu, ile ambayo wengi tunaiita piopi. Siku moja, neno moja, kazi tatu.

Wengi tungedhani neno hili lilianzia kwa waashi, likapelekwa hospitali baadaye. Ni kinyume chake. Chimbuko lake ni Kiyunani, emplastron, yaani dawa ya kubandikwa mwilini. Kidonda kilitangulia, ukuta ukafuata.

Plasta ya kidole tunayoijua leo ina umri wa miaka mia moja na kidogo. Mwaka 1920 huko Marekani, Earle Dickson, mfanyakazi wa kampuni ya Johnson & Johnson, alikuwa na mke aliyejikata na kujiunguza mara kwa mara jikoni. Akabandika vipande vya shashi juu ya utepe wa kunata ili mkewe aweze kujifunga mwenyewe. Ukiitazama plasta ya siku hizi kwenye mwanga, mara nyingi utaona vitundu vidogo vidogo. Vimewekwa ili ngozi ipate hewa.

Ya mguu ni jasi, jiwe lilelile linalochimbwa Makanya, wilayani Same. Jasi ikipashwa moto hupoteza sehemu kubwa ya maji yake na kuwa unga. Unga huo ukikutana na maji huyarudisha ndani yake, hutoa joto, kisha hugeuka jiwe tena. Ndiyo maana anayefungwa piopi huhisi mguu ukipata uvuguvugu chini ya mikono ya daktari. Mwaka 1851 daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alipaka unga huo kwenye bandeji, akawapa madaktari njia nyepesi ya kuutuliza mfupa. Hata saruji ya fundi wangu ina jasi kidogo ndani yake, isije ikaganda kabla mwiko haujafanya kazi.

Lakini sisi tulikuwa na maneno mengi kabla ya plasta. Nyumba ya miti na udongo hukandikwa, kisha husiribwa. Ukuta wa mawe hutomewa kwa vijiwe vidogo kujaza mapengo. Nyumba za kale za pwani zilimaliziwa kwa niru, chokaa laini nyeupe. Huko Lamu mafundi walichonga kwa chokaa zidaka, safu za vishubaka vya kuwekea vyombo na mapambo. Chokaa hiyo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo. Moto huifukuza hewa ya ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe. Chokaa ikishapakwa, huivuta hewa hiyo polepole na kurudi kuwa jiwe.

Kila neno kati ya hayo lilimwambia fundi ashike nini na ashike vipi. Siku hizi yote tunayaita plasta, na plasta kwetu ni saruji. Hapo ndipo tunapojiumiza.

Nyumba ya marehemu bibi yangu kule Pangani ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Miaka kadhaa iliyopita tuliona kuta zimechakaa, tukachanga, tukaita fundi azipige saruji nje na ndani. Ilipendeza kweli. Baada ya masika mbili plasta ilianza kuvimba kama lengelenge. Niliigonga kwa kidole ikalia kama ngoma. Kipande kikadondoka, na nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa, una ungaunga mweupe wa chumvi. Ukuta wa chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Saruji iliuzuia usitoke, na chumvi nayo ikaisukuma plasta hadi ikabanduka.

Kosa halikuwa la saruji. Kwenye tofali langu la uani inakaa vizuri. Kosa lilikuwa letu, tulioziba tukidhani tunafunika.

Mtoto wa jirani nilimwosha kidole kwa maji safi, nikakikausha, ndipo nikabandika plasta. Nikamwambia aje tubadilishe ikilowa. Kwa mzee wangu niliangalia vidole vya mguu, ambavyo daktari aliviacha wazi makusudi. Vikivimba, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, ni kurudi hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Vidole hivyo ndivyo dirisha la kuonea yanayotokea ndani.

Pangani tumeanza kuibandua saruji, ukuta mmoja mmoja. Safari hii tumemtafuta mzee anayeijua chokaa. Alipofika hakuuliza bei ya mifuko. Aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo kwa muda, kisha akasema, "Uacheni kwanza ukauke."